Macho ya Upande wa Kushoto

Chekeni tu, wadogo zangu. Mtu wa miaka thelathini na tatu anasema amestaafu! Hata mama yangu alicheka, halafu akauliza kama wastaafu bado wanaosha vyombo. Lakini mgongo haujui tarehe ya kuzaliwa. Ukiwa unalala chali chini ya dashibodi tangu ulipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kichwa kwenye pedali na miguu juu ya kiti, mgongo unazeeka kabla yako. Funguo zangu nimewaachia ninyi, hapo mtaani Annexe, kwenye banda letu la mabati kando ya shamba la mahindi. Mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi. Nimekubali kwa sharti moja: msiniamini. Kila ninachosema, kajaribuni wenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha usukani. Sisi huku Lubumbashi tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva anatakiwa akae kushoto. Wenzetu wa Zambia wanapita kushoto na dereva wao anakaa kulia. Magari mengi yametufikia kwa mpaka wa Kasumbalesa yakiwa na usukani wa huko. Sasa jiweke nyuma ya lori ukiwa na gari la namna hiyo. Wewe dereva uko kulia, karibu na mtaro. Mbele yako ni makalio ya lori, basi. Kama kuna gari linakuja, huwezi kuliona mpaka nusu ya gari lako iwe tayari imeingia njia ya wenzako. Anayeona ni abiria aliye kushoto kwako. Ndiyo maana wenye magari hayo hawapendi kusafiri peke yao. Wanamuweka mtu kushoto, achungulie, aseme "pita" au "bado". Mtu huyo anashika roho za wote waliomo, na hana hata breki.

Aliyenifundisha ni Papa Ramazani. Baba yake alitoka Maniema na msumeno wa useremala begani. Yeye akaacha mbao akachukua chuma. Alinipokea si kwa sababu nilikuwa hodari. Kaka yangu alileta gari, nami nikasimama mlangoni nikiuliza kila mara "juu ya nini?", ambayo kwetu ndiyo "kwa nini". Juu ya nini unakata hapa? Juu ya nini hutumii chuma chembamba? Mwishowe akasema, "Huyu mutoto aingie ndani. Akibakia inje, ataniharibishia kazi." Tangu siku ile jina langu gerejini likawa Mama Juu-ya-Nini.

Kanuni yake ya kwanza niliidharau sana. Kabla ya kukata chochote, alikuwa anakuambia ukae kwenye kiti cha abiria. Kukaa tu, mikono magotini.

"Juu ya nini, Papa?"

"Kaa. Jibu itakuya yenyewe."

Nilikuwa nachukia majibu ya aina hiyo. Fizikia niliyosoma haikuwa na jibu lolote linalokuja lenyewe. Lakini nilikaa, na nikaona faida yake: ukiwa pale unaona kila kitu kitakachomsumbua dereva mpya. Unaona sanduku la joto litakapogonga goti, waya zinazopita mahali pa kuchomelea, mota ya vifagio vya kioo imekaa wapi. Kuhusu vifagio hivyo, sikilizeni. Vimepangwa kusafisha vizuri mbele ya dereva wa kulia. Ukimhamisha dereva ukaviacha, siku ya mvua abiria ataona mpaka Zambia, dereva ataona maji matupu. Mteja wetu mmoja aliendesha msimu mzima wa mvua akiwa ameinama upande kama mtu anayesikiliza siri.

Na msidhani sisi wengine tulikuwa na akili zaidi. Mwenzangu Trésor, fundi mzuri wa mikono, siku moja aliona kifaa kile kirefu kinachosukuma magurudumu hakitoshei mahali papya. Akakipindua, kikatoshea. Akafurahi. Aliwasha gari alitoe bandani, akazungusha usukani kushoto ili ayakwepe mahindi, na gari likaenda kulia, likaingia kwenye mahindi. Akazidisha kushoto, mahindi nayo yakazidi. Mama mwenye shamba akatoka na jembe.

"We Trésor! Barabara hauione?"

"Mama, mi niko nakimbia shamba yako, njo yenyewe inanifuata!"

Kwa hiyo kabla ya kuteremsha gari, likiwa bado juu ya jeki, zungusha usukani na mwenzako aangalie magurudumu. Ni jambo la kitoto. Lifanyeni hata mkishakuwa wazee.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya Kambo.

Kambo, yaani bibi au babu, lilikuwa gari dogo la Kiingereza la zamani, la milango minne, lenye pua ya mviringo na taa kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Lilivutwa kwa kamba mpaka bandani, na nyuma yake akaja mwenyewe kwa miguu, ameshika bampa iliyoanguka njiani. Tulimwita Papa Bea, kwa jina la binti yake. Watu wake ni wa Kasai, yeye alizaliwa hapa. Maisha yake yote aliuza viatu na vitambaa vya kutoka mpakani. Mkewe alifariki Bea akiwa mdogo, naye hakuwa na wa kumwachia mtoto, basi safari zote za Kasumbalesa wakazifanya wawili: baba kulia kwenye usukani, mtoto kushoto kwenye dirisha.

"Bea anamaliza masomo mwaka huu," alituambia. "Minataka kumupa Kambo. Muitengeneze yote, ikuwe mupya. Na volan muilete ku kushoto. Sitaki mutoto wangu ategemeye macho ya muntu."

Volan ndio usukani, nami nikaona hilo ni neno la busara. Kisha akatuhadithia kwa nini bawa la mbele, lile bati linalofunika gurudumu, lilikuwa limekunjamana. Miaka kadhaa nyuma walikuwa nyuma ya lori la madini, Bea akiwa na miaka tisa hivi.

"Akaniambia, 'Pita, papa!' Basi tukapita... mpaka mu mutaro!"

Akapiga makofi, Trésor akacheka, nami nikacheka. Ilikuwa hadithi iliyozoea kuchekewa. Ilikuwa laini kama mpini wa nyundo. Hakuna aliyeumia siku ile, alisema. Ila baada ya hapo Bea hakutaka tena kukaa mbele katika gari lolote, na Kambo likafunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Tukaanza. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mahali pengi, maana vumbi letu jekundu likikaa na maji linashika unyevu kama sifongo. Vipuri havikuwepo popote. Trésor alisafiri mpaka Kambove, ambako mzee mmoja alikuwa na gari kama lile, limegeuzwa nyumba ya bata, akarudi na mlango, kabureta na mikwaruzo ya bata mikononi. Tulipofika kwenye usukani nilichora mstari wa chaki kwenye ukuta wa chuma, nikaweka jiwe jipya kwenye mashine ya kukatia. Kisha, kwa mazoea tu, nikaenda kukaa kwenye kiti cha abiria.

Nikaondoa mpira wa sakafuni ili nione chuma. Mpira ule ulikuwa na matundu mawili. Chini yake, palepale, rangi ilikuwa imekwisha kabisa na chuma kinang'aa. Upande wa dereva ningeelewa: kisigino kinasaga hapo kila siku. Lakini huku kushoto hapakuwa na pedali. Na alama zenyewe zilikuwa ndogo, ningeweza kuzifunika kwa kiganja.

Nikamwita Papa Ramazani. Akachungulia, akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Huyu alikuwa anafunga freni," alisema, yaani breki.

"Freni iko wapi hapa, Papa?"

"Haiko. Njo maana alikanyaga sana."

Papa Bea alikuja mchana na mikate, kama kawaida yake. Nilimwonyesha. Akatabasamu, akagusa chuma kwa kidole.

"Ni miguu ya Bea hiyo. Ule mutoto! Kila mara miguu chini, kama fundi wa cherehani. 'Bado, papa. Bado, papa.' Kamiyo zote, malori mazito, zinatuacha, baiskeli zinatuacha. Nilikuwa namuita Mama Bado."

Mnanijua. Swali lilitoka kabla sijalipima.

"Sasa juu ya nini siku ile alisema pita?"

Alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama. Trésor, aliyekuwa anapiga bawa nyundo, naye akasimama.

"Hakusema," alisema Papa Bea.

Akaketi juu ya tairi. Hakutuangalia.

"Alisema bado. Nilisikia muzuri. Nilikuwa na haraka, nilitaka kufika ku soko mbele ya benzangu. Nikapita. Bantu balikuya kututoa mu mutaro, ma-chauffeur ba kamiyo, banauliza: 'Papa, ilikuwa nini?' Yeye alikuwa pale, analia. Mi nikaona haya. Nikacheka, nikasema, 'Ni huyu, aliniambia pita.' Bote bakacheka. Nilizani ni maneno ya siku moja. Lakini ku nyumba baliniuliza tena, na ku kanisa, na nikahadisia vile vile."

"Na yeye?"

"Hakukatala. Njo kile kinaniua, mwanangu. Hakukatala hata siku moja. Sasa yeye mwenyewe anaihadisia, eti nilimutia papa mu mutaro. Anaamini."

Nikaelewa kwa nini alitaka usukani uhame. Mtoto akiwa na usukani kushoto, hatahitaji mtu wa kumwambia pita, na neno lile halitatajwa tena ndani ya gari. Kazi yetu ilikuwa ifute jambo ambalo kinywa chake kilishindwa kulifuta.

"Mukate tu," alisema.

"Hapana, Papa Bea. Chuma nikikikata hakirudi. Bea aje kwanza, aione."

"Ni ya kumushitukiza!"

Papa Ramazani akaweka mkono begani kwake. "Papa Bea, siye tunahamisha volan. Maneno hatujue kuhamisha."

Mnisamehe, mimi si mtu wa kuamini kwamba ukweli unaponya kila kitu. Nimeona ukweli ukivunja nyumba. Nilijiuliza kwa nini tusimwachie msichana gari zuri na uongo mdogo uliokwisha kuzoeleka. Lakini zile alama zilinikatalia. Mtoto alikuwa amesema "bado" kwa miguu yake safari baada ya safari, mpaka chuma kikamsikia, na mwenye masikio akasema hakusema.

Bea alikuja na baba yake alasiri moja, bado na sare ya shule, shati jeupe na sketi ya bluu, mrefu kuliko sisi wote. Alipoona Kambo, alifunika mdomo kwa mikono miwili. Alilizunguka, akagusa taa, akacheka alipoona manyoya ya kuku. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaketi.

"Mbona unakaa huko, mama?" Papa Ramazani alimwuliza.

"Ni pahali pangu." Akaona chaki yangu. "Mutageuza volan? Muzuri. Papa alikuwambia? Mi njo nilimutia mu mutaro."

Alisema akitabasamu. Ilikuwa hadithi ileile, na kicheko kilikuwa mahali palepale. Safari hii hakuna aliyecheka.

Papa Bea alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Akaanza kuuliza kuhusu rangi ya viti. Akasema labda ya kahawia ingefaa, haionyeshi vumbi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeinua kitu kizito:

"Mama, siku ile ulisema bado."

"Nani?"

"Weye. Ulisema bado. Mi nikapita."

"Haukusikia?"

"Nilisikia."

Bea aliangalia mikono yake. "Ulisikia," alisema polepole. "Na ulicheka. Nilikuwa nalia, papa, na ulicheka mbele ya bantu."

"Nilicheka."

Akashuka. Akafunga mlango taratibu, maana kioo kilikuwa hakijakazwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: hasira yote ile, na bado alichunga kioo. Akaenda kwa miguu kuelekea barabara. Baba yake akataka kumfuata. Papa Ramazani akamshika mkono wa shati.

"Muache. Leo yeye njo anasema bado."

Zikapita siku nyingi. Hatukugusa usukani, lakini mengine tuliendelea nayo, maana gari lililofunguliwa ni kama mgonjwa aliyepasuliwa: huwezi kwenda nyumbani ukamwacha wazi. Papa Bea alikuja kila siku. Alisugua kromu vibaya sana, akaacha mistari ya poda kila mahali, nami nikawa naifuta akiondoka. Nilimfundisha kusafisha kabureta: usichokonoe kitundu cha petroli kwa waya, kitapanuka, tumia unywele mgumu wa brashi, au pumzi yako. Nilimfundisha kutoa hewa kwenye breki, mmoja akanyage, mwingine alegeze skrubu gurudumuni, na mtu wa chini ndiye anayesema lini mguu uinuke. Akiinua kabla ya kuambiwa, hewa inarudi na mnaanza upya. Yeye ndiye aliyekuwa anakanyaga. Nikiwa chini nikisema "bado," mguu wake ulikaa palepale mpaka niseme. Hakukosea hata mara moja.

Papa Ramazani aliziba sakafu yote kwa chuma kipya. Zile alama mbili alizizunguka, akazipaka mafuta zisishike kutu, akaziacha. Sikumwuliza juu ya nini.

Halafu asubuhi moja Bea alikuwa mlangoni. Hakusalimia mtu. Alifungua mlango wa mbele, wa kushoto, akaketi, akatazama sakafuni kwa muda mrefu. Akavua kiatu, akaweka mguu kwenye alama. Kisigino peke yake kiliifunika yote.

"Miguu yangu ilikuwa midogo hivi?" aliuliza.

"Ilikuwa midogo," alijibu baba yake. Alikuwa na kitambaa cha kromu mkononi na poda puani.

"Volan ibakie palepale."

"Juu ya nini?" aliuliza Papa Bea, nami nikafurahi kwamba kwa mara ya kwanza swali hilo limetoka kwa mwingine.

"Juu weye utakaa hapa. Utaangalia, utasema. Na mi nitakusikia."

Papa Bea akageukia bampa, akaanza kuisugua tena. Nikaona nisimame upande wa akili. Nikamwambia Bea kwamba si salama, kwamba peke yake hataweza kulipita lori lolote.

"Yaya, peke yangu nitapanda taxi-bus," alisema, akiniita dada. "Hii ni ya siye babili, mi na papa."

Nilifuta mstari wangu wa chaki kwa kitambaa chenye maji. Nimehamisha sukani nyingi mno kuzikumbuka. Huu ambao sikuuhamisha ndio ninaoukumbuka mpaka kwenye vidole.

Bea alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa nyuma ya shule, na alipokuwa tayari tukatoka Jumapili asubuhi kwenye barabara ya Kasumbalesa. Yeye kwenye usukani, kulia. Baba yake kushoto, na koti la kanisani. Mimi nyuma, niwe nasikiliza gia ya tatu, ambayo ilikuwa inalia kidogo. Nje ya mji tukakuta lori la matrela mawili, limebeba sana, linapanda taratibu kama mtu mwenye mgonjwa mgongoni. Bea akapunguza mwendo, akalifuata. Mbele yake hakuona ila mlango wa trela na tope lake.

"Papa?"

Papa Bea alitoa kichwa dirishani. Alitazama muda mrefu.

"Bado."

Tukafuata. Moshi wa lori ukaingia ndani, Bea akapandisha kioo chake. Hakupiga honi.

"Papa, iko namna gani mbele?"

"Bado, mama."

Mimi niliyekuwa nyuma niliinama kushoto, nikachungulia. Barabara ilikuwa tupu. Ilinyooka mpaka inapokutana na mbingu, na juu yake hapakuwa na gari, wala baiskeli, wala mbuzi. Swali langu la siku zote likanifika kwenye meno. Ndipo nikaona kiatu cha Papa Bea, kile cha kanisani kilichopakwa rangi, kikiwa kimekanyaga sakafu kwa nguvu, palepale chuma kilipong'aa, kikifunga breki ambayo haipo.

Nikalimeza swali. Bea alishika usukani kwa mikono miwili, akitabasamu mbele kwenye tope la trela, nasi tukalifuata lori lile polepole mpaka lilipopinda lenyewe.